Tusimcheke Kijana Mnene, Tutembee Naye

Wazee wetu waliuona mwili mnene kuwa dalili ya baraka: mtu anakula, nyumba yake haina njaa. Hatuwalaumu, maana katika nchi yetu watoto wengi hata leo hawashibi. Lakini katika mitaa ile ile ya Lubumbashi na Bukavu twaona pia vijana ambao unene wao umekuwa mzigo. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria kwamba mwaka 2022, duniani kote, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 zaidi ya milioni 390 walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupita kiasi.

Watu husema upesi: «Kijana huyu ni mvivu.» Sisi walimu twaona jambo lingine. Mtazameni uwanjani. Anapokimbia, wenzake hucheka. Timu zinapogawanywa, yeye huchaguliwa wa mwisho. Siku ya tatu anasema kichwa chamwuma, naye huketi kivulini. Kilichomketisha ni aibu, wala si uvivu. Akiketi, uzito huongezeka. Uzito ukiongezeka, aibu huzidi. Basi dawa ya kwanza ni ulimi wetu. Majina ya dhihaka yakome, hata yale tunayodai kuwa ya mapenzi. Mwalimu anayeyasikia na kunyamaza ameyakubali.

Dawa ya pili ni kuanza kwa kidogo. Kijana wa miaka 5 hadi 17 ashauriwa kuutumikisha mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na siku 3 katika juma afanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Lakini asiyezoea asitwishwe saa nzima siku ya kwanza. Atembee dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kisha aongeze juma kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba. Kipimo ni hiki: mwendo uwe wa haraka kiasi cha kuweza kuongea na mwenzake, lakini asiweze kuimba. Kwenda shuleni kwa miguu badala ya pikipiki, kuchota maji, kulima bustani, kucheza ngoma, yote yahesabiwa. Baiskeli na kuogelea huyapunguzia magoti uzito.

Tena, msimpime kila Jumapili. Mazoezi humfaa moyo, damu, usingizi na furaha yake, hata kama kilo hazijapungua. Kwa mtoto anayekua, mara nyingi yatosha uzito usipande huku kimo kikiongezeka.

Jambo moja halina mzaha. Kijana mnene akichechemea, au akiumwa nyonga, paja au goti, asilazimishwe kukimbia wala kutembea. Huenda kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kuteleza kutoka mahali pake. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo, kabla hajalemaa.

Dawa ya tatu ni wenzi. Vyama vyetu vya vijana, kama Xaveri iliyoanzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, vina michezo na safari za miguu. Humo kiongozi mwenye busara hupanga mwendo kwa kumfuata aliye nyuma, wala si aliye mbele. Na mezani msimtenge mmoja kwa kumpunguzia bukari huku wadogo zake wakinywa vinywaji vya sukari mbele yake. Vinywaji hivyo vipungue kwa wote, baba na mama wakiwa wa kwanza.

Enyi wazazi, mwili wa mtoto wenu ni amana ya Muumba mikononi mwenu. Jioni ya leo msimwambie: «Nenda ukatembee.» Vaeni viatu, mwambieni: «Twende.»