Namna ya Kuitambua Bekari ya Kifaransa

Nchiru, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara ya Meru kwenda Maua, ambako kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichopewa hati yake mwaka 2013, si mahali pa kutafutia bekari ya Kifaransa, kwa maana asubuhi wanafunzi hununua mandazi, chapati na hafukeki, na mkate wa madukani ni ule uliokatwa vipande na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki. Hata hivyo krosanti, kitafunio cha ngano chenye matabaka ya siagi ambacho mara nyingi huwa na umbo la mwezi mwandamo, imeshaingia katika supamaketi na mikahawa ya miji ya Kenya, na mtu anayesafiri kutoka Meru hadi Nairobi hukuta mabango mengi yenye majina ya Kifaransa bila kipimo cha kujua ni duka lipi linalostahili fedha zake. Kipimo hicho kipo, wala hakimdai mtu ajue Kifaransa au awe amefika Paris. Kinamtaka aelewe kazi ambayo siagi na muda hufanya ndani ya unga.

Nyuma ya kaunta moja ya Kifaransa huwa kuna ufundi wa aina tatu. Wa kwanza ni wa mkate wenyewe, ambao bageti, mkate mwembamba mrefu wenye ganda gumu, ndiyo maarufu zaidi. Wa pili ni wa vitu vitamu vya krimu, matunda na chokoleti. Na wa tatu uko kati ya aina hizo mbili, nao hutumia kinyunya, yaani unga uliokandwa, kilichotiwa hamira pamoja na siagi, maziwa au mayai. Vitafunio vya kundi hili la tatu, krosanti ikiwemo, Wafaransa wenyewe huvinasibisha na Vienna, kwa sababu aliyevipa umaarufu mjini Paris alikuwa Mwaustria August Zang, ambaye alifungua bekari ya mtindo wa kwao katika mtaa wa Richelieu mwishoni mwa miaka ya 1830, kisha akarudi Vienna na mwaka 1848 akaanzisha gazeti la Die Presse.

Krosanti ndiyo inayofichua uwezo wa mwokaji upesi kuliko kitu kingine chochote. Kinyunya chake hukandwa, hupumzishwa kwenye baridi, kisha husukumwa na kufunikiwa juu ya bapa la siagi. Baada ya hapo husukumwa tena na kukunjwa mara tatu kama barua, na kila mkunjo hutanguliwa na mapumziko mengine ya baridi. Mikunjo mitatu ya namna hiyo huzaa matabaka 27 ya siagi yaliyotenganishwa na matabaka membamba ya unga, na ndani ya tanuri maji yaliyomo katika siagi na unga hugeuka mvuke unaoyainua matabaka hayo, huku hamira nayo ikiyajaza hewa. Adui wa kazi yote hii ni joto, kwa kuwa siagi huanza kulainika mapema na kuyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi za selsiasi, na ikiyeyuka kabla ya kufika tanurini hunywewa na unga na matabaka hupotea. Ndiyo maana mwokaji wa Mombasa asiye na chumba chenye kipoza hewa ana shida kubwa kuliko mwenzake wa Meru, ambaye miezi ya Juni na Julai humletea baridi bila malipo.

Dalili za kazi nzuri huonekana kwa macho na kuhisiwa kwa mkono. Krosanti iliyofaulu huwa nyepesi kuliko ukubwa wake, rangi yake ni ya hudhurungi iliyokolea wala si manjano iliyopauka, na ganda lake hupasuka na kumwagika vipande juu ya shati la mlaji. Ikikatwa kwa kisu katikati huonyesha vijumba vya hewa vilivyopangika kama sega la nyuki, ilhali iliyoharibika huwa imeshikamana ndani kama mkate wa kawaida. Kisha kuna ulimi: siagi halisi ya maziwa huyeyuka mdomoni na kuondoka, lakini majarini nyingi za viwandani, zinazotengenezwa kwa mafuta ya mimea ili zistahimili joto la jikoni, huacha utando wa mafuta juu ya kaakaa hata baada ya chai. Kwa bei ya siagi nchini Kenya, krosanti inayouzwa kwa bei ya mandazi haiwezi kuwa na siagi, na hapo pengine mandazi ya moto ndiyo chaguo la busara.

Kuhusu mkate, sheria ya Ufaransa imesema waziwazi. Amri ya serikali ya Septemba 1993 inataka mkate unaouzwa kama wa jadi ya Kifaransa utengenezwe kwa unga wa ngano, maji, chumvi na hamira au chachu, bila viungio vya kuuhifadhi wala kugandishwa kwenye friza, na sheria ya mwaka 1998 ikazuia jina la bekari kutumiwa na duka lisilokanda na kuoka mkate wake mahali pale pale. Tangu mwaka 1994 jiji la Paris huandaa shindano la bageti bora, ambalo mshindi wake hupeleka mkate Ikulu ya Ufaransa kwa mwaka mzima. Djibril Bodian, mwokaji mwenye asili ya Senegali, alilishinda mwaka 2010 na tena mwaka 2015 akiwa katika duka la Le Grenier à Pain la Montmartre, jina ambalo wakazi wa Nairobi wanalifahamu kwa kuwa bekari yenye jina hilo imefunguliwa kwao pia. Mwaka 2022 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa bageti katika orodha yake ya urithi usioshikika wa binadamu.

Nchini Kenya jina halilindwi kwa namna hiyo, na yeyote aweza kuandika Paris juu ya mlango wake. Mnunuzi basi hana budi kuuliza mambo mawili: mkate umeokwa saa ngapi, na kinyunya kimekandwa wapi. Maduka mengi, hata Ulaya kwenyewe, hupokea vinyunya vilivyogandishwa kiwandani na kuvioka tu, kwa hiyo harufu tamu inayotoka mlangoni haithibitishi chochote zaidi ya kuwepo kwa tanuri. Si udanganyifu, mradi muuzaji aseme kweli anapoulizwa. Bageti ya kweli hukauka kufikia jioni kwa kuwa haina sukari wala mafuta, tofauti na mkate wa mfuko unaobaki laini kwa siku kadhaa; duka ambalo rafu zake huwa tupu alasiri ni la kuaminiwa kuliko lile lenye rafu zilizojaa hadi usiku. Kwa vitu vya krimu, kama ekleri, kitafunio kirefu chenye uwazi unaojazwa krimu, inatosha kutazama kama vimewekwa kwenye friji na kama ganda limelowa.

Meru haikosi malighafi. Ngano hulimwa Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, na maziwa ya wakulima wa kaunti hiyo hupakiwa na chama chao cha ushirika na kuuzwa kwa jina la Mount Kenya. Kinachokosekana ni baridi ya kuaminika wakati umeme unapokatika, mikono iliyofunzwa, na wateja wa kutosha wenye uwezo wa kulipia siagi. Mwokaji wa Nchiru mwenye tanuri dogo angefanya vyema kuanza na brioshi, mkate laini wa mayai, maziwa na siagi, ambao siagi yake hukandwa moja kwa moja ndani ya unga bila mikunjo. Naye msafiri anayebeba krosanti kutoka Nairobi aifunge kwa karatasi, si plastiki inayolainisha ganda, na akifika aipashe moto tanurini kwa dakika chache, au ndani ya sufuria kavu iliyofunikwa juu ya jiko lenye moto mdogo.