Fahamu: Wahifadhi wa urithi wanavyojinoa mtandaoni

Desemba 25, 2020, sehemu ya jengo la kihistoria la Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka ikiwa katika ukarabati na kuua watu wawili. Tukio hilo linakumbusha kuwa kutunza urithi ni taaluma, na sehemu kubwa ya maarifa yake sasa inapatikana bure mtandaoni.

Yanapatikana wapi?
ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi wa urithi lenye makao Roma, linatoa miongozo ya RE-ORG, mbinu ya kupanga upya maghala ya makumbusho madogo. Getty Conservation Institute ya Los Angeles ina AATA Online, hazina ya muhtasari wa maandiko ya uhifadhi. Museum of Fine Arts ya Boston ina hifadhidata ya CAMEO, inayoeleza sifa za rangi, gundi na malighafi nyingine.

Wanajifunza nini?
Msingi mmoja umetoka Taasisi ya Uhifadhi ya Canada: visababishi 10 vya uharibifu. Navyo ni migongano na mitikisiko, wizi, moto, maji, wadudu, hewa chafu, mwanga, joto lisilofaa, unyevu usiofaa, na kitu kutenganishwa na kumbukumbu zake. Hiki cha mwisho husahaulika: mlango wa nakshi usiojulikana ulikotoka umepoteza sehemu ya thamani yake.

Mtandao unatosha?
Hapana. Kuchanganya chokaa ya kukarabati ukuta wa mawe ya matumbawe hufundishwa na fundi, kwa mikono. Kama unatunza makumbusho au maktaba, anza na orodha hiyo ya 10, ukague ghala lako.