WATU WANAVUKA BAHARI KUANGALIA NDEGE: SABABU GANI?



Ukimwambia mutu kwamba kuko wageni wanalipa tiketi ya avioni, wanapanda milima katika mvua ili waangalie kandege kadogo ka rangi ya majani, halafu wanarudi kwao mikono mitupu, atacheka. Hata hapa shuleni wengi watacheka. Lakini jambo hili linalisha watu wengi, na sisi wa Kivu linatugusa kuliko munavyofikiri. Basi nitalieleza pole pole.

1. Hawa watu ni nani?

Dunia nzima iko na aina za ndege karibu 11,000. Muangaliaji wa ndege anachunga liste yake ya maisha: kila aina aliyoiona anaiandika mara moja tu. Ukiona njiwa mara mia, kwenye liste ni mustari moja. Sasa, ndege nyingi zinaishi katika inchi moja tu, ao katika pori moja tu. Kwa hiyo mutu akimaliza ndege za kwao, ni lazima atoke.

Mama mumoja wa Marekani, Phoebe Snetsinger, aliambiwa na waganga katika mwaka 1981 kwamba kansa itamuua kabla ya mwaka kuisha. Hakukaa nyumbani kungojea kifo. Alianza kuzunguka dunia na darubini yake, akaishi miaka 18 ingine, akaona aina zaidi ya 8,000. Kansa haikumuua: alikufa Madagascar mwaka 1999 katika aksida ya motokari, akiwa safarini kutafuta ndege. Katika 2024 Mumarekani mwingine, Peter Kaestner, alifikisha aina 10,000.

2. Safari inaendaje?

Wanaamuka mbele ya jua, kwa sababu ndege zinaimba sana asubuhi. Saa sita za mchana pori linanyamaza. Wanabeba darubini, kitabu chenye picha, buti na koti ya mvua. Lakini kitu cha lazima kuliko vyote ni kiongozi. Katika pori nzito ndege haionekani, inasikika. Kiongozi anasikia sauti moja, anasimama, anaonyesha kwa kidole. Mara nyingi huyu kiongozi ni kijana wa pale pale. Njia na miti alizijua tangu utoto. Aliongeza kujifunza majina ya kitabu na luga ya wageni.

Mufano muzuri iko Uganda, kwenye mabwawa ya Mabamba, kando ya ziwa Victoria. Kule kunaishi ndege mukubwa wa majivu, mwenye domo kama kiatu cha muti. Wafaransa wanamuita bec-en-sabot. Anakula sana samaki mamba. Zamani wavuvi walisema: ukikutana naye, siku ile hautapata samaki. Basi walimuua. Leo watoto wa wavuvi wanapeleka wageni kwa mutumbwi ili wamuone. Ndege ni ile ile, mabwawa ni yale yale. Kilichobadilika ni hesabu: akiwa hai analeta wageni kila mwaka, akikufa haleti kitu.

3. Na sisi?

Kale kandege ka majani niliyosema juu, wataalamu walikaandika mwaka 1909, na kalitoka milima yetu, ngambo ya magaribi ya ziwa Tanganyika. Wanakaita kwa jina la Grauer. Kako Itombwe, kako Kahuzi-Biega. Lakini wageni wengi wanakaangalia Bwindi, kule Uganda. Kwa nini? Kwa sababu kule kuko barabara na amani. Kwetu, tangu 1996, vita imefunga njia mara nyingi.

Kuko tena tausi ya Kongo, ndege ya taifa letu, ambayo haiishi katika pori la inchi ingine yoyote. Mwaka 1913 Mumarekani James Chapin aliona nyoya moja katika kofia ya mutu kule Ituri. Hakutambua ni ya ndege gani, lakini aliichunga. Katika 1936, ndani ya mizeo ya Tervuren, Ubeleji, aliona ndege mbili zilizokaushwa, zimeandikwa kwamba ni tausi za kufugwa. Akatambua nyoya yake. Miaka 23! Lakini wenye kofia walijua ndege yao tangu zamani. Ila wao hawakuandika, na wenye kuandika hawakuwauliza vizuri.

4. Tufanye nini?

Sisemi kila mumoja wetu aache shamba akangojee wageni. Mwaka 2020 korona ilifunga mipaka, na wenye kutegemea wageni peke yao waliona njaa. Lakini mambo mawili hayangojei amani wala makuta.

Ya kwanza: manati. Kila siku ya mapumziko wadogo wa mwaka wa kwanza wanapiga ndege nyuma ya mabweni, na haziliwi hata. Nimekwisha kusema nao kama kapita. Sasa nawaomba wakubwa wasaidie, maana wadogo wanafuata sisi.

Ya pili: kayee. Andika tarehe, saa, mahali, rangi, domo, sauti, na jina ambalo babu ao bibi yako anaita ndege ile. Hilo jina la mwisho halimo katika kitabu cha wageni. Mwalimu wa biolojia yuko hapa, mumuulize. Kama siku moja mugeni atafika na kuuliza ndege gani ziko katika milima hii, ni vizuri jibu litoke kwetu, tena liwe limeandikwa.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita