Nguo Ntune: Kuna ushahidi gani wa utumwa wa Wameru kule Mbwaa?

MZEE wa Mikinduri akiulizwa asili ya Wameru, jibu lake halitofautiani sana na la mzee wa Igembe au wa Imenti. Atasema kwamba mababu waliishi mahali palipoitwa Mbwaa, kando ya maji makuu, hadi walipovamiwa na watu waliovaa mavazi mekundu, Nguo Ntune, wakatiwa utumwani. Wakapewa kazi zisizowezekana: kutengeneza kiatu chenye manyoya pande zote mbili, kuleta ndama wa mavi meupe, na hatimaye kufua mkuki wa kufika mbinguni. Za mwanzo walizitimiza kwa hila. Ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe iliwapa kiatu, na ndama alinyweshwa maziwa matupu. Mkuki uliwashinda. Ndipo Koomenjwe alipowatorosha usiku, maji yakagawanyika, na koo zikapata rangi zake: waliovuka gizani wakawa weusi, wa alfajiri wekundu, na waliovuka jua limechomoza wakawa weupe.

Je, uvamizi huo ulitokea kweli? Swali hili si la wasomi pekee, kwani mgawanyo wa koo za Wameru umesimama juu ya simulizi hiyo.

Ushahidi mkuu ni wa mdomo. Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata aliuandika katika kitabu chake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, kilichochapishwa mwaka 1959. Baadaye Jeffrey Fadiman, mwanahistoria Mmarekani, aliwahoji wazee katika sehemu mbalimbali za Meru na kuchapisha matokeo yake mwaka 1973. Nguvu ya masimulizi hayo ni kwamba watu wa Tigania, Igembe na Imenti, ambao kwa vizazi walipigana na kuibiana mifugo, wanakubaliana juu ya jambo moja. Hata hivyo, Wachuka, majirani wao wa kusini, husimulia asili tofauti.

Wapo wanaoshuku kwamba hadithi hii ni ya Musa iliyovikwa ngozi ya Kimeru. Shaka hiyo ina msingi. Waingereza walifungua kituo chao Meru mwaka 1908, wamishonari wakawafuata baada ya muda mfupi, na masimulizi mengi tuliyo nayo yaliandikwa wakati kitabu cha Kutoka kilikuwa kimehubiriwa kwa miaka mingi. Lakini Biblia haina kiatu cha manyoya wala ndama wa mavi meupe. Huenda mawimbi yaliyogawanyika yalitiwa chumvi kanisani. Kiatu kile ni cha wafugaji wenyewe.

Tatizo la tarehe ni gumu zaidi. Wazee hawakuhesabu miaka, walihesabu marika: Ratanya, Lubetaa, Miriti na mengineyo. Fadiman alihesabu marika kurudi nyuma na kuiweka safari hiyo takriban karne ya 18. Ila majina ya marika hurudi kwa mzunguko, na msimulizi akiruka mzunguko mmoja, karne nzima hutoweka.

Fadiman alipendekeza kwamba Mbwaa ilikuwa kisiwani Manda, karibu na Lamu, ambako mkanda mwembamba wa maji hukitenga kisiwa na bara. Maji yakipwa, mahali hapo huwa na kina kidogo sana. Mtu wa pwani hahitaji muujiza kulielewa hilo.

Je, pwani yenyewe inasema nini? Mambo ya uvamizi hayakosekani. Wareno waliteka Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na mwaka 1678 Pedro de Almeida aliishambulia Pate na kuwaua watawala wa miji ya visiwa hivyo, Manda ikiwamo. Mwaka 1698 Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu. Habari za Pate inasimulia jinsi Pate ilivyoiteka Manda na kuwahamisha wakazi wake. Lakini nakala ya asili ilipotea Waingereza waliposhambulia Witu mwaka 1890, na matoleo tuliyo nayo yalitokana na kumbukumbu. Wameru hawatajwi. Neville Chittick, aliyeanza kuchimba magofu ya Manda katika miaka ya 1960, alipata mji wa wafanyabiashara wa tangu karne ya 9, wala si kijiji cha watumwa wa bara.

Ukimya wa maandishi hauwi kanusho. India inatoa funzo katika jambo hili. Mahmud wa Ghazni aliposhambulia hekalu la Kihindu la Somnath mwaka 1026, waandishi wa Kiajemi walizidi kulikuza tukio hilo kadiri miaka ilivyopita. Maandishi ya Kisanskriti ya mwaka 1264 yaliyopatikana hapo hapo yanahusu jambo jingine: mfanyabiashara wa Hormuz kupewa ardhi ya kujenga msikiti kwa ridhaa ya wenyeji. Mwanahistoria Romila Thapar alitumia vyanzo hivyo kuonyesha kwamba uvamizi ulikuwapo, ila kila upande ulikumbuka ulichokihitaji. Kwetu sisi, ni upande mmoja tu uliokumbuka.

Shahidi anayepinga zaidi ni lugha. Kimeru ni ndugu wa Kikuyu, Kiembu na Kikamba, wala si wa Kipokomo, Kigiriama na Kiswahili, lugha za pwani hiyo. Taifa zima lililotoka Manda karne tatu zilizopita lingetarajiwa kubeba alama nzito za lugha za huko, nazo hazionekani.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, ushahidi unaelekea kwenye jambo la katikati: kundi dogo lililokimbia utumwa pwani, likapanda kuelekea mlimani na kuwakuta watu waliokuwa tayari wanazungumza lugha iliyokuja kuwa Kimeru. Wageni waliacha lugha yao wakabaki na habari yao, nayo ikawa ya wote. Lakini hata dhana hii haielezi kwa nini wenyeji, waliokuwa wengi na wenye ardhi, wakubali kurithi utumwa wa watu wengine.