Goti lililopoteza 'mto' wake: Je, meniska ya kupandikizwa husaidia?

MTU anayeshuka kwa miguu kutoka milima ya Taita hutumia magoti yake kuliko anavyodhani. Kilele cha Vuria kina urefu wa mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Voi uko chini kabisa uwandani. Katika mteremko huo, goti ndilo breki. Huko Kasigau nako, wachimbaji wa vito hufanya kazi katika mashimo membamba wakiwa wamechutama au kupiga magoti. Mtu aliyechutama kwa muda mrefu akiinuka na mzigo huku akijipinda, anaweza kusikia kitu kikikatika ndani ya goti.

Mara nyingi kinachokatika ni meniska. Kila goti lina meniska mbili, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje. Ni vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo, vilivyolala kati ya mfupa wa paja na ule wa muundi.

Kazi yake ya kwanza ni kubeba uzito. Mguu ukiwa umenyooka, meniska hubeba karibu nusu ya uzito unaopita gotini. Goti likikunjwa, hubeba zaidi. Meniska ikiondolewa yote, mifupa hugusana katika eneo dogo, na shinikizo la mahali hapo laweza kuzidi maradufu.

Jiwe la gurudumu

Kazi ya pili ni kulizuia goti lisiteleze. Wanaosafiri katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi wamewaona matingo wakiweka jiwe nyuma ya gurudumu la lori lililokwama mlimani. Meniska ya ndani hufanya vivyo hivyo: huukinga muundi usisukumwe mbele. Breki yenyewe ni kano iliyo katikati ya goti. Kano hiyo ikikatika, mzigo wote huliangukia lile jiwe. Jiwe nalo likiondolewa, goti hulegea na mtu huanguka hata akiwa njia tambarare.

Zamani madaktari waliona meniska ni kitu kisicho na maana na wakaikata bila kusita. Mwaka 1948, daktari Fairbank wa Uingereza alieleza jinsi magoti yaliyoondolewa meniska yanavyobadilika katika picha za eksirei. Tangu hapo ilianza kueleweka kwamba goti la aina hiyo huzeeka kabla ya mwenyewe.

Ndipo ikaja fikira ya kupandikiza. Upasuaji huo ulifanywa Ujerumani mwaka 1984, na Milachowski na wenzake. Meniska hutolewa kwa marehemu aliyeridhia kabla ya kufa, au ambaye jamaa zake wameridhia, kisha hupimwa ilingane na goti la mgonjwa. Tofauti na figo, mgonjwa hahitaji kumeza dawa za kuzuia mwili usiikatae. Nchini Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu inayohusu utoaji wa viungo na tishu za binadamu.

Hurudisha uthabiti?

Hurudisha sehemu yake. Eneo la mifupa kugusana huongezeka, shinikizo hupungua, na mtelezo wa muundi hupungua pia. Lakini haiwi sawa na ile ya kuzaliwa nayo. Mengi hutegemea ncha zake mbili: zisipofungwa imara kwenye mfupa, meniska husukumwa nje, mfano wa pipa lililokatika pete zake. Na kama kano imekatika, ni lazima nayo itengenezwe, la sivyo kipande kipya kitachanika.

Upasuaji huu si wa kila mtu. Humfaa hasa mwenye umri chini ya miaka 50 hivi, aliyekwisha kupoteza meniska, ana maumivu, lakini mifupa yake haijasagika na mguu haujapinda. Baadaye atatembelea magongo kwa majuma kadhaa na kufanya mazoezi kwa miezi mingi. Wengi hupata nafuu ya miaka 10 au zaidi. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba huzuia kabisa goti kusagika. Mchimbaji anayetarajia kurudi kuchutama shimoni siku nzima aambiwe ukweli huo kabla ya kuuza mbuzi wake kulipia matibabu.

Kwa hiyo lililo bora ni kuitunza uliyo nayo. Goti likivimba baada ya kujipinda, likikwama au kulegea, usikubali likandwe kwa nguvu. Nenda hospitali mapema. Kumbuka kwamba eksirei huonyesha mifupa. Meniska huonekana kwa picha ya MRI. Ukiambiwa utolewe meniska, muulize daktari wa mifupa: "Je, haiwezi kushonwa?" Mpasuko mwingine hushoneka, mwingine hupona kwa mazoezi ya misuli ya paja.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa goti ni ghali.