Kilo 900 Sebuleni

Samaki aina ya frontosa wa Ziwa Tanganyika hukua hadi kupita sentimita 30, ana nundu kwenye paji la uso na milia myeusi ubavuni, na hapendi kuishi peke yake. Anayemtaka nyumbani lazima afuge kundi, na kundi linataka maji mengi na mawe mengi, maana kwao ni kwenye miamba. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akiwasafirisha samaki wa ziwa hilo kutoka Burundi kwenda kwa wafugaji wa ng'ambo, na hadi leo wanaogelea kwenye sebule za Ulaya na Marekani. Matangi makubwa ya samaki yamefika pia kwenye nyumba zetu za ghorofa, Dar es Salaam hata Nairobi. Mtu ananunua kioo, pampu na chujio, anachagua ukuta, kisha anaanza kujiuliza kama sakafu itahimili.

Wengi huuliza kwanza tangi lina kilo ngapi. Hesabu hiyo ni ya lazima na si ngumu, ila jibu lake peke yake halitoshi. Kinachoamua zaidi ni uzito huo utakaa sehemu gani ya sakafu, na utakaa kwa muda gani.

Tuchukue tangi la urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60, ambalo kundi dogo la frontosa litaishi humo bila kubanana. Likijazwa hadi sentimita 5 chini ya ukingo, linaingia lita 594. Kioo cha milimita 12 kina uzito wa kilo 119 hivi. Mchanga wa kina cha sentimita 5 ni kilo 86, mawe tuseme kilo 80, meza ya kulibebea kilo 70. Lakini mchanga na mawe havijumlishwi tu juu ya maji, kwa sababu navyo vimechukua nafasi ya maji yapatayo lita 62, na lita moja ya maji ni kilo moja. Tukitoa hizo, tukaongeza pampu na chujio, tunafika kilo 900 hivi. Samaki wenyewe hawabadilishi hesabu hii. Uzito wa samaki unakaribiana sana na uzito wa maji anayoyasukuma kando, jambo ambalo Archimedes alilieleza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita.

Kilo 900 hizo zimekaa kwenye eneo la mita moja ya mraba na kidogo, yaani karibu kilo 830 kwa kila mita ya mraba. Sasa linganisha na kile ambacho mhandisi alikiweka kwenye hesabu zake. Viwango vya Uingereza, ambavyo wahandisi wa Kenya na Tanzania wamevitumia kwa miongo mingi, huitaka sakafu ya nyumba ya kuishi ibebe kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Marekani hudai karibu kilo 195. Tangi letu limepita kiwango cha kwanza zaidi ya mara tano. Na kulifupisha hakusaidii, kwa kuwa maji hukandamiza kitako kulingana na kimo chake: maji ya kimo cha sentimita 55 yataweka kilo 550 kwa mita ya mraba, tangi liwe refu kama kitanda au fupi kama kiti.

Mbona basi sakafu haziporomoki kila tangi linapojazwa? Ni kwa sababu kiwango kile kinahesabu chumba kizima. Chumba cha mita 4 kwa 4 kimekadiriwa kubeba kilo 2,400 zikisambaa kote, na juu ya hapo mhandisi huzidisha mzigo huo kwa 1.6 kabla ya kuchagua nondo. Wala sakafu haijali sana ni kilo ngapi zimeangukia kila sentimita ya mraba. Mtu mzima aliyesimama peku hukandamiza vigae kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya kitako cha tangi letu, kwa kuwa nyayo zake ni ndogo. Ndiyo maana kwenye nyumba isiyo na ghorofa, ambayo zege lake limelala juu ya udongo ulioshindiliwa vizuri, hakuna la kuhangaikia zaidi ya kuhakikisha vigae havina utupu chini yake. Mambo hubadilika pale ambapo chini ya sakafu kuna hewa, na uzito unapaswa kusafiri kando hadi ukutani.

Safari hiyo ndiyo inayoipinda sakafu. Chukua boriti ya mita 4 iliyoegemea kuta mbili. Mzigo ukiwekwa katikati yake, huipinda kwa nguvu mara mbili ya mzigo uleule uliosambazwa kutoka ncha hadi ncha. Ukisogezwa hadi kitovu chake kiwe sentimita 35 kutoka ukutani, nguvu ya kupinda inashuka hadi chini ya theluthi moja ya ilivyokuwa katikati. Uzito haujapungua hata gramu. Mwenye tangi anayelitaka katikati ya sebule ili wageni walizunguke ameidai sakafu mara tatu zaidi ya yule aliyelisogeza ukutani.

Lakini ukuta upi? Hapa watu wengi hukosea, na mji unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko mwingine wowote ninaoujua ni Mji Mkongwe wa Zanzibar. Vyumba vya nyumba zake za kale ni virefu na vyembamba, na wembamba huo ulitokana na miti: sakafu zililazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haivuki sana mita 3. Miti ya aina hiyo ilikatwa kwenye delta ya Rufiji na mikoko ya Lamu, ikapakiwa majahazini hadi Oman na Ghuba, na huko nako ikapanga upana wa vyumba. Boriti hulala kufuata upana wa chumba, ncha zake zikiwa ndani ya kuta ndefu. Tangi la sentimita 180 likiwekwa kando ya ukuta mrefu, linazikata boriti kwa pembe mraba, na kama zimepangwa kila sentimita 30, boriti sita zinagawana mzigo, zote karibu na ncha zao. Likiwekwa kando ya ukuta mfupi, linalala sambamba na boriti, na kilo 900 zinaangukia mbili au tatu, tena hadi katikati ya urefu wake, pale zinapopindika kwa urahisi. Kuta zote mbili ni kuta, lakini mmoja unasaidia na mwingine hausaidii kitu.

Nyumba za mbao za Marekani zina kanuni hiyohiyo, ila boriti zao ni mbao nyembamba zilizosimamishwa kwa ubavu, kwa kawaida kila sentimita 40. Huko mtu hushuka chini ya nyumba na tochi akaangalia zinaelekea wapi. Zanzibar hana haja ya tochi, kwani boriti mara nyingi zinaonekana kwenye dari ya chumba cha chini.

Kuna jambo moja la Mji Mkongwe linaloweza kuugeuza ushauri huu wote. Sakafu ya mawe ya matumbawe na chokaa ni nzito: yenye unene wa sentimita 25 ina kilo 400 au zaidi kwa mita ya mraba kabla hujaweka hata mkeka. Boriti zimeshabeba sana kabla ya tangi kuingia. Na sehemu zinazooza kwanza ni zile ncha zilizofichwa ndani ya ukuta, ambako unyevu hukaa na mchwa hula bila kuonekana. Mzigo ukisogezwa ukutani, kupinda kunapungua lakini ncha ndiyo inayobeba karibu kila kilo. Boriti yenye ncha nzima inashukuru kwa hilo. Iliyooza inakatika. Kwenye nyumba ya aina hiyo singeweka tangi kubwa kabla fundi hajafungua plasta, akachokonoa ncha kadhaa kwa bisibisi na kuona kama mti bado ni mgumu.

Muda nao una uzito wake. Kilo 150 za viwango ziliwekwa kwa ajili ya watu na vyombo vinavyohamahama. Siku ya harusi wageni hujaa sebuleni, wakala, wakacheza, wakaenda zao, na sakafu ikanyooka. Tangi haliendi popote. Mwaka 1951 mtafiti Lyman Wood wa maabara ya serikali ya Marekani ya mazao ya misitu, mjini Madison, Wisconsin, alichapisha matokeo ya mbao zilizoachwa na mizigo kwa muda mrefu. Yalionyesha kuwa ubao unaopaswa kubeba mzigo miaka 10 mfululizo unahimili asilimia 62 tu hivi ya ule unaoweza kuuhimili katika jaribio la dakika chache. Hadi leo wahandisi wa mbao hukadiria kwa kuzingatia mchoro uliotokana na matokeo hayo. Zege pia hulegea taratibu. Sakafu ya zege iliyonepa milimita 2 siku tangi lilipojazwa inaweza, baada ya miaka, kufika milimita 4 hadi 6 bila mtu kuongeza hata ndoo moja ya maji.

Milimita 6 hazimsumbui anayetembea juu yake. Kanuni za Marekani huruhusu sakafu ya mita 4 inepe kwa mzigo wa watu hadi milimita 11, na bado ikahesabika salama. Kioo hakina uvumilivu huo. Meza ikinepa katikati au kona moja ikashuka kuliko nyingine, tangi hujipinda, na mkazo wote hukimbilia kwenye silikoni ya viungo au kwenye dosari ndogo ya kioo. Kwa hiyo kwenye nyumba iliyojengwa vizuri, tishio kubwa ni sakafu kunepa kiasi halali, na tangi kupasuka kwa sababu hiyo. Tena matangi yana njia zake nyingine za kupasuka. Tarehe 16 Desemba 2022 tangi la AquaDom, lililosimama ndani ya hoteli mjini Berlin, lilipasuka alfajiri na kumwaga lita milioni 1 za maji pamoja na samaki wapatao 1,500. Msingi wake ulikuwa umebeba tani 1,000 kwa miaka mingi. Lililoshindwa ni tangi lenyewe.

Nimesema "nyumba iliyojengwa vizuri", na najua maneno hayo ni mazito katika miji yetu. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka Machi 2013, la Huruma, Nairobi, likaanguka Aprili 2016, na la Kariakoo Novemba 2024. Hakuna tangi la samaki lililohusika, ila majengo hayo yanatukumbusha kuwa kilo 150 kwa mita ya mraba ni ahadi iliyoandikwa kwenye michoro. Zege lililochanganywa kwa saruji pungufu, au nondo zilizosogea wakati wa kumwaga, hazijui michoro inasema nini. Anayepanga nyumba ambayo dari ya jirani wa chini ina ufa mrefu katikati, au milango imeanza kugoma kufungika, asiweke tangi hilo hadi mhandisi ameona.

Roshani naikataa kabisa, hata kwenye jengo zuri. Sakafu ya roshani imeshikwa upande mmoja tu, hivyo nondo zinazoibeba ziko juu ya zege, na mafundi huzikanyaga wakati wa kumwaga hadi zikashuka. Zikishuka sentimita 3 kwenye sakafu ya sentimita 12, nguvu nyingi imepotea na hakuna anayeona. Maonyo haya yanahusu pia tenki la plastiki la lita 1,000 ambalo familia nyingi huliweka roshani kwa sababu ya mgao wa maji. Ni tani nzima kwenye duara la mita moja hivi, na watu huliweka bila hata kuuliza.

Halafu kuna matone. Tangi la maji ya bahari huacha chumvi kila maji yanaporuka au bomba linapovuja, na chumvi hupenya zege polepole hadi kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo hulipasua zege kutoka ndani. Kwenye boriti za mikoko, hata maji baridi yakidondokea palepale kila siku yanakaribisha kuoza na mchwa. Karatasi nene ya plastiki chini ya meza, yenye ukingo ulioinuliwa, ni rahisi kuliko ukarabati wowote utakaokuja baadaye.

Aliyeridhika na mahali na hali ya sakafu, na ajaze kwa awamu. Ajaze theluthi moja, aweke pimamaji juu ya ukingo kwa urefu na kwa upana, aandike alichoona, asubiri hadi kesho yake. Kisha theluthi ya pili, apime tena, kisha ya mwisho. Kona ikishuka, anyonye maji yote nje kwanza na kusawazisha meza ikiwa tupu, kwa maana kuingiza kabari chini ya meza yenye tangi lililojaa hukikaza kioo mahali pamoja. Samaki waingie baada ya wiki kadhaa, maji yakishatulia, na pimamaji irudi juu ya ukingo kila baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza, kwa sababu zege na mbao bado zitakuwa zinashuka.