Nani Alipie Mfereji wa Mtaa Mjini Kyela?

Adui wa kwanza wa barabara za mitaa mjini Kyela ni maji, kabla ya magari. Tambarare hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, huku mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo ikishuka kutoka milimani hadi kwenye ardhi isiyo na mteremko wa maana. Maji yakituama, changarawe hulegea, na lori moja la mpunga au kakao linatosha kufungua shimo. Ndiyo maana hesabu ya gharama ianzie kwenye mfereji, ambao kila mita yake inapita mbele ya kiwanja chenye mwenyewe.

Tangu 2017 barabara hizi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, unaotegemea sana tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili yake. Anayepita anachangia, na ni haki. Lakini yupo mnufaika mwingine: mwenye kiwanja cha kandokando. Kiwanja kinachofikika masika yote hupanda bei, fremu zake hupata kodi nono, na faida hiyo humfikia hata asiyemiliki baiskeli. Colombia ililiona hilo mapema: tangu sheria ya 1921, viwanja vinavyopanda thamani kwa sababu ya kazi ya umma vinaweza kutozwa sehemu ya gharama, na Bogotá na Medellín zimejenga barabara kwa njia hiyo. Hapa nchini, wakazi wa Hanna Nassif jijini Dar es Salaam, mtaa uliosumbuliwa na mafuriko, walichangia fedha na nguvu kazi katika ujenzi wa mifereji na barabara miaka ya 1990.

Naona Kyela ifuate njia ya kati. Serikali ibebe tuta, changarawe au lami, na makalvati makubwa, kwa kuwa hivyo ni vya kila mpita njia. Wenye viwanja wachangie mfereji tu, kwa mita za upande unaogusa barabara. Nimechagua mita badala ya thamani kwa sababu futi kamba kila mtu anaiona ikivutwa. Tathmini ya thamani ya kiwanja huzaa ugomvi. Kipimo hiki kina kasoro, maana nyumba ya udongo na ghala la mfanyabiashara vinaweza kuwa na upana sawa. Basi kiwango cha makazi kiwe chini sana kuliko cha biashara, na kiwanja cha kona kihesabiwe upande mmoja. Aliyefukia mfereji ili gari liingie dukani alipie kalvati lake lote, kwani maji aliyoyazuia yanaingia kwa jirani.

Wapo watakaosema wanalipa tayari kodi ya majengo wanaponunua umeme wa LUKU, kodi iliyopanda mwaka 2023 hadi shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hoja ina uzito. Ila kodi hiyo haifungwi na mtaa wowote, tena humgusa kwanza anayenunua umeme, ambaye mara nyingi ni mpangaji. Mchango wa mfereji udaiwe kwa mwenye kiwanja mwenyewe. Mjane au mzee mwenye nyumba asiye na fedha mkononi alipe kidogo kidogo, afanye kazi ya kuchimba kupitia ndugu zake, au deni lisubiri hadi kiwanja kiuzwe. Hofu iliyo nzito zaidi ni ya michango kupotea, nayo haiondolewi kwa ahadi: kila mtaa uwe na akaunti yake, na mchoro, urefu na gharama vibandikwe ofisi ya mtaa kabla ya shilingi ya kwanza kukusanywa. Mkutano wa mtaa ukishakubali kwa wingi wa kura, uamuzi uwafunge wote, kwa sababu mfereji unaokatika kwenye kiwanja kimoja humwaga maji yote hapo. Na uchimbaji uanzie chini, kwenye mkondo unaopokea maji, hata kama wanaoishi upande huo ndio watakaochelewa kumaliza kulipa.